Je, wajua kwa nini mwanafunzi wa sosholojia husomeshwa takwimu?

Kila mwaka kuna wanafunzi wanaoingia chuo kikuu hapa Nairobi kusomea sosholojia wakiwa na faraja moja kubwa: hesabu imebaki sekondari. Miaka minne ya kusoma habari za familia, dini, uhalifu na umaskini, kikokotoo cha nini tena? Halafu ratiba inatoka, na ndani yake mna somo la takwimu. Wengi hulalamika kwa uchungu: kumwelewa binadamu na kutafuta wastani, wapi na wapi?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Mwaka wa 1897, mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alichapisha kitabu kuhusu kujiua. Ni vigumu kupata tendo linaloonekana kuwa siri ya mtu na nafsi yake kuliko hilo. Lakini Durkheim hakuzunguka akiwahoji wafiwa. Mpwa wake, Marcel Mauss, alipekua kumbukumbu za watu wapatao 26,000 waliojiua, akazipanga kwa umri, jinsia, hali ya ndoa, na kama marehemu alikuwa na watoto. Baada ya kazi hiyo ya kuchosha, mambo yakaanza kujitokeza. Kiwango cha kila nchi kilikuwa hakibadiliki sana mwaka hadi mwaka. Waprotestanti walijiua zaidi kuliko Wakatoliki, na makapera zaidi kuliko waliooa. Hakuna barua ya marehemu yeyote ambayo ingeweza kueleza hayo, kwa sababu chanzo chake kimo katika namna watu wanavyoshikamana au kuachana. Ukimtazama mmoja mmoja hulioni jambo hilo. Ukihesabu, linakuja lenyewe.

Sisi wa Nairobi tuna sababu nyingine tena. Jiji hili tunaishi ndani yake, kwa hivyo tunadhani tunalijua. Kwa miaka mingi ilisemwa na kuandikwa kwamba Kibera, mtaa wa mabanda jijini humu, ina watu milioni moja, na takriban kila mtu akakubali. Sensa ya 2009 ikahesabu watu wapatao 170,000. Ubishi ulizuka kuhusu mipaka na kuhusu waliorukwa, na ubishi huo una maana yake, lakini hata ukizidisha idadi hiyo mara mbili bado milioni iko mbali. Hili si jambo dogo. Vyoo, maji, zahanati na madarasa hupangwa kwa kutazama idadi ya watu, na idadi ya uvumi huleta mipango ya uvumi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Tuseme mwanafunzi anataka kujua wakazi wa Pipeline, kule Embakasi, hulipa kodi ya nyumba kiasi gani. Anashuka stejini Jumanne saa nne asubuhi na kuwajazisha dodoso watu anaowakuta: wenye vioski, akina mama walio na watoto wachanga, vijana waliotoka shifti ya usiku. Walioamka alfajiri kwenda Eneo la Viwanda hawamo. Jioni anarudi bwenini na makaratasi yaliyojaa, ila hayawasemei wakazi wa Pipeline. Yanawasemea waliokuwa mtaani saa nne. Somo la takwimu humfundisha kuchagua ploti, yaani jengo la nyumba za kupanga, kwa bahati nasibu, kisha mlango kwa bahati nasibu. Kura ikiangukia orofa ya sita, anapanda ngazi hadi ya sita. Akikuta kufuli, haulizi jirani badala yake. Anarudi usiku, au Jumapili. Mimi naamini hapa ndipo sosholojia inapokuwa kazi ya heshima: kumfuata mtu ambaye ni rahisi kumsahau.

Kukokotoa wastani na mengineyo, siku hizi kompyuta hufanya kwa sekunde chache. Cha kukumbuka tu ni kwamba mwenye ploti mmoja akiwekwa kapu moja na wapangaji wake, wastani wa mapato utapanda na hakuna mpangaji atakayekuwa ametajirika.

Kigumu zaidi ni swali lenyewe. Muulize mama mboga, aliyefika soko la Marikiti kabla ya jua kuchomoza, "Je, umeajiriwa?" Atajibu hapana, na ni kweli, hana mwajiri. Ukimwandika kuwa hana kazi, umekosea kabisa. Mwaka wa 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulichunguza ajira nchini Kenya, na ripoti yake ikasisitiza kwamba watu wengi waliodhaniwa kukaa bure walikuwa wakifanya kazi kwa bidii, tena saa nyingi, ila kipato kilikuwa kidogo. Mafundi wa jua kali, wachuuzi, maseremala wa kando ya barabara: ripoti hiyo ndiyo iliyosambaza jina la sekta isiyo rasmi katika mipango ya uchumi duniani.

Ndiyo maana mwanafunzi hutumia wiki nyingi kuandika dodoso, kulijaribu kwa watu wachache, kisha kuliandika upya. Sensa ya 2019 haikuridhika na kuuliza kama mtu ana ajira. Iliuliza alichokuwa akifanya zaidi katika siku saba zilizopita, na kwa swali hilo mama mboga ana la kujibu.