Staa hawezi kuwa shushushu? Dhana potofu na ukweli wake

Watu wakimaliza kuangalia muvi ya mwigizaji anaerudishwa kwenye ujasusi utasikia, aah uongo huo, mtu anajulikana mpaka na watoto atafichaje siri? Dhana hii inaniuma kweli, sababu inafuta kazi ya watu waliojitoa roho zao.

Chukua Josephine Baker. Kazaliwa St. Louis, Marekani, 1906, akaenda Paris akawa staa wa jukwaani na wa muvi, 1937 akawa raia wa Ufaransa, Vita ya Pili ya Dunia ilipoanza 1939 afisa wa ujasusi Jacques Abtey akamwingiza kazini. Na huo ustaa ndo ulikuwa kificho chenyewe, maana staa anaalikwa kwenye pati za mabalozi, wakubwa wanaongea mbele yake bila kujichunga, yeye anatabasamu huku masikio yako kazini. Mwaka 1940 Wajerumani washaingia Paris, akasafiri mpaka Lisbon, Ureno, na Abtey akijifanya katibu wake, taarifa zimeandikwa kwa wino usioonekana kwenye karatasi zake za noti za muziki, picha nyingine kazibana kwa pini ndani ya nguo za ndani. Sasa we askari wa mpakani, yule uliekuwa unamuona kwenye mabango kasimama mbele yako, utaanza kumvua nguo?

Eti jasusi bila bastola si jasusi. Baker aliumwa sana Casablanca, Morocco, akalala kliniki miezi na miezi, na hapohapo kitandani watu wanaingia kama wanamjulia hali kumbe wanapeana habari.

Alafu eti mwigizaji huwa anaburutwa tu huko kwa vitisho. Mwigizaji Sterling Hayden aliiacha Hollywood mwenyewe, akajiunga na kikosi cha Marines cha Marekani kwa jina la John Hamilton, akaingia OSS, shirika la ujasusi la kabla ya CIA, akawa anavusha silaha kwa boti toka Italia kwenda kwa wapiganaji wa Tito, waliokuwa wanapambana na Wajerumani kule Yugoslavia. Vita ilipoisha akarudi kuigiza.

Na wanaodhani Baker kazikwa Panthéon, lile jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa Ufaransa, hapana. Heshima ile alipewa tarehe 30 Novemba 2021, mwanamke mweusi wa kwanza kuingizwa mle, lakini mwili wake uko Monaco mpaka leo. Jeneza walilobeba wanajeshi siku ile lilikuwa na udongo tu, wa St. Louis, wa Paris, wa kasri la Milandes kule Ufaransa alipolelea wanawe, na wa Monaco.