Kabla ya kusema "umekosa", muulize "umepataje?"

Mtoto wa Darasa la Tatu anakuletea daftari. Swali ni 52 kutoa 27, naye ameandika 35. Hapo wazazi wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: humwambia "umekosa, rudia", au humpa jibu ili watu wakalale. Mimi ni mkufunzi wa Hisabati katika chuo cha ualimu, na madaftari ya namna hii nimeyapitia mengi. Ombi langu kwa mzazi ni moja: kwanza muulize, "Umepataje?" Kisha nyamaza, msikilize mpaka amalize.

Atakwambia: "Saba toa mbili, tano. Tano toa mbili, tatu." Kumbe hakubahatisha. Aliona kwenye mbili huwezi kutoa saba, akageuza, kwa kuwa tangu Darasa la Kwanza amezoea kutoa namba ndogo kwenye kubwa. Ukimwambia arudie, atapita njia ileile na kurudi na 35, safari hii akiwa na hofu juu yake.

Katakateni njiti za ufagio wa chelewa, mzifunge kumikumi kwa uzi. 52 ni mafungu matano na njiti mbili. Mwambie akupe njiti 27, aanze na zile saba. Anazo mbili tu zilizo huru. Mwache ahangaike kidogo, usimwonyeshe. Watoto wengi hufungua fungu moja wenyewe. Sasa ana mafungu manne na njiti 12. Akikupa saba zinabaki tano, akikupa mafungu mawili yanabaki mawili. Jibu ni 25, na amelishika mkononi. Shuleni hatua hii huitwa kukopa, na neno hilo huwatatiza baadhi ya watoto, maana wanaona deni lisilolipwa. Nyumbani iteni kufungua fungu.

Lugha yetu nayo ina mtego hapa. "Kumi na mbili" inajieleza yenyewe, lakini "hamsini" haimwambii mtoto kwamba ndani yake mna makumi matano. Ishirini, thelathini, arobaini na themanini ni vivyo hivyo; zimetoka kwenye Kiarabu na hazifanani na mbili, tatu, nne wala nane. Kwa wiki kadhaa mzoeze kuzitaja kwa namna mbili: "hamsini na mbili, yaani makumi matano na mamoja mawili." Ni zoezi la njiani, mkienda kisimani au dukani.

Nakutana na wazazi wanaosema hawawezi kumsaidia mtoto kwa sababu wao wenyewe waliishia Darasa la Saba. Mama anayeuza vitumbua ananiambia hajui hesabu, huku anarudisha chenji bila kukosea. Mteja wa vitu vya shilingi 3,400 akimpa noti ya 5,000, mama huyu haandiki popote. Anapandisha: mia sita inafika elfu nne, elfu moja inafika elfu tano, chenji ni 1,600. Hiyo ni hesabu ya kutoa, tena iliyo salama. Mfundishe mwanao jinsi unavyofanya. Kwa 52 kutoa 27: tatu inafika 30, ishirini inafika 50, mbili inafika 52. Jumla 25. Darasani ataandika kwa njia ya mwalimu, ila sasa ana namna ya kujikagua. Na lile 35 la mwanzo angeligundua mwenyewe, kwa sababu 35 na 27 ni 62.

Kwenye hesabu za sehemu, kama robo na theluthi, pia swali ni lile lile. Mtoto akisema robo ni kubwa kuliko theluthi, muulize amejuaje. Atakujibu kuwa nne ni kubwa kuliko tatu. Chapati moja wagawieni watoto watatu, nyingine wanne, kisha achague kipande anachokitaka. Atachagua haraka sana. Hapo ndipo mwandike 1/3 na 1/4 na kuzungumza kwamba asili, yaani namba ya chini, ikikua, kipande kinapungua.

Kuhusu saa, mvumilie. Mshale mfupi uko kwenye 7 nasi tunasema ni saa moja. Hilo kweli linachanganya, hasa kwa mtoto anayesoma shule inayofundisha kwa Kiingereza.

Fimbo na maneno kama "hata mimi hesabu zilinishinda" viacheni nje ya meza ya kusomea. Mtoto anayeogopa huficha njia aliyotumia, na ukishaikosa njia yake huna pa kumsaidia. Dakika 15 kila jioni zinatosha, akichoka fungeni daftari.

Ikiwa mtoto wa Darasa la Nne bado anahesabu vidole moja moja kwa 8 na 5, usisubiri upimaji wa kitaifa wa mwisho wa mwaka. Nenda shuleni na daftari, mwonyeshe mwalimu ukurasa wenyewe, umweleze neno kwa neno mtoto alivyokujibu ulipomuuliza amepataje. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hapati nafasi ya kumsikiliza kila mmoja hivyo, na sentensi hiyo uliyoisikia nyumbani inaweza kumwonyesha aanzie wapi.