Kamari, uongo na kura iliyobaki nyumbani: sheria ya uchaguzi ya Uingereza inaadhibu nini

Tangu uchaguzi mkuu wa 4 Julai 2024, sisi tunaofanya kazi katika ofisi za uchaguzi za halmashauri hapa Uingereza tunapokea malalamiko yanayofanana: wanasiasa wamezidi, hakuna anayewagusa, basi kura sipigi. Wanaotupigia simu ni wa kila asili, Wakenya, Watanzania na Waganda wakiwamo, kwa kuwa raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola mwenye kibali halali cha kuishi huku ana haki ya kuchagua mbunge sawa na Mwingereza. Hasira yao naielewa. Tatizo ni kwamba makosa ya jinai na mambo ya aibu tu hutiwa kapu moja, na mtu akishakata tamaa na yote hafuatilii hata lile ambalo sheria ingemsaidia.

Nianze na kamari, maana ndiyo iliyowaudhi wengi. Waziri Mkuu Rishi Sunak alitangaza tarehe ya uchaguzi tarehe 22 Mei 2024, akilowa mvua mbele ya mlango wa Downing Street. Wiki chache baadaye ikajulikana kwamba kuna watu wa karibu na chama chake waliokuwa wamebeti kwamba uchaguzi ungekuwa Julai, kabla umma haujaambiwa. Tarehe 25 Juni chama cha Conservative kiliacha kuwaunga mkono wagombea wake wawili. Siku hiyohiyo Labour nacho kilimsimamisha mgombea wake aliyeweka dau kwamba yeye mwenyewe atashindwa.

Kubeti juu ya uchaguzi si kosa huku. Udanganyifu katika kamari ndio kosa, chini ya kifungu cha 42 cha Sheria ya Kamari ya 2005, na adhabu yake inafika kifungo cha miaka miwili. Kama kutumia taarifa ya siri katika mazingira yale kulikuwa udanganyifu, hilo ni la mahakama kuamua. Aprili 2025 Tume ya Kamari ilitangaza kuwafungulia mashtaka watu 15. Kwa sababu hiyo sitataja majina. Ila anayesema hakuna aliyeguswa hajafuatilia habari.

Swali lililotuelemea wiki ile lilikuwa hili: kama chama kimemkataa mgombea, mbona jina lake bado liko kwenye karatasi ya kura, tena na nembo ya chama? Wengi waliona ni hila yetu. Uteuzi ulifungwa saa 10 jioni, 7 Juni, na saa hiyohiyo ndiyo ilikuwa mwisho wa kujitoa. Baada ya hapo si mgombea, si chama, si msimamizi wa uchaguzi anayeweza kulifuta jina. Karatasi zilikuwa zimekwisha kuchapwa na kura za posta ziko njiani. Kuna waliokwisha kuzijaza na kuzirudisha. Kuzibadilisha wakati huo ndiko kungekuwa kuvuruga uchaguzi.

Kukata tamaa kwenyewe hakukuanza na kamari. Utafiti wa mitazamo ya Waingereza uliotolewa Juni 2024 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya watu karibu hawaamini kamwe kwamba serikali, ya chama chochote, itatanguliza nchi mbele ya chama. Asilimia 58 walisema karibu kamwe hawaamini kuwa mwanasiasa aliyebanwa atasema kweli. Mwezi uliofuata walijitokeza kupiga kura asilimia 59.7 ya walioandikishwa, kiwango cha chini kabisa tangu 2001. Na mfumo wenyewe unachangia. Labour ilipata viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 33.7 ya kura, huku Reform UK ikipata asilimia 14.3 na kuambulia viti vitano. Mtu ana haki ya kuuona mpangilio huo haufai. Lakini huo ni mpangilio wa sheria, na anayetuletea takwimu hizo kama ushahidi wa wizi wa kura anatupotezea muda, naye anajipotezea wake.

Na anayesema kura yake moja haibadilishi kitu atazame hapa: katika uchaguzi huohuo, jimbo la Hendon, kaskazini mwa London, lilikwenda kwa Labour kwa tofauti ya kura 15. Jimbo la Poole, tofauti ilikuwa 18.

Sasa uongo. Hakuna sheria hapa inayomwadhibu mwanasiasa kwa ahadi ya ilani isiyotimizwa, wala kwa kupamba takwimu za uchumi. Kinachoadhibiwa, chini ya kifungu cha 106 cha Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1983, ni kusema uongo kuhusu tabia au mwenendo binafsi wa mgombea ili asichaguliwe, bila sababu ya msingi ya kuuamini. Kifungu hicho kina meno. Phil Woolas wa Labour alishinda Oldham East and Saddleworth mwaka 2010 kwa kura 103. Mahakama ya uchaguzi ikabaini kwamba vipeperushi vyake vilimsingizia mpinzani, ikabatilisha ushindi na kumzuia kugombea ubunge kwa miaka mitatu. Uchaguzi wa jimbo hilo ukarudiwa Januari 2011.

Kesi kama hiyo haiendeshwi na ofisi yetu wala na Tume ya Uchaguzi. Anaweza kuifungua mpigakura wa jimbo husika au mgombea, kwa kawaida ndani ya siku 21 baada ya matokeo kuwasilishwa rasmi, na mahakama inaweza kudai dhamana ya gharama hadi pauni 5,000. Siku 21 zikipita, kwa sehemu kubwa mlango umefungwa.

Rushwa, takrima na kumshurutisha mpigakura ni makosa ya daraja la juu zaidi: kifungo hadi mwaka mmoja, faini isiyo na kikomo au vyote viwili, na miaka mitano ya kutoruhusiwa kuwa mbunge. Kujifanya mtu mwingine na kupiga kura yake kunafika miaka miwili. Tangu Sheria ya Uchaguzi ya 2022, kumshurutisha mtu kunahusu pia kumtishia hasara ya fedha, kumchafulia jina, kumwekea shinikizo la kiroho au kumdanganya kuhusu namna uchaguzi unavyoendeshwa.

Hapa lazima niseme wazi na jamii zetu. Mzee wa nyumba anayekusanya bahasha za posta za mkewe na za watoto waliokwisha kuwa watu wazima, akazijaza zote mezani kwa kuwa "sisi ni familia moja", anatenda kosa. Nia yake inaweza kuwa njema kabisa. Kura ni ya aliyeandikishwa, na saini inalinganishwa na ile aliyotupa alipoomba. Na nyingine zinakataliwa kwa uzembe tu: mpigakura anaombwa tarehe ya kuzaliwa, yeye anaandika tarehe ya siku hiyo. Wengine huitumbukiza bahasha kwenye sanduku la barua la halmashauri usiku wa mwisho. Hiyo haihesabiwi. Ipelekwe kwa mkono kituoni au ofisini na fomu ijazwe. Mtu mmoja anaruhusiwa yake na za wengine watano, basi. Wanakampeni hawaruhusiwi kushika za watu wasio ndugu zao wala wanaowahudumia.

Wapo wanaohofia penseli za kituoni, kwamba kura itafutwa: alama yako haifutwi na mtu, na ukitaka njoo na kalamu yako. Namba iliyo nyuma ya karatasi ni ya kugundua wizi. Orodha inayoiunganisha na namba yako ya daftari hufungwa kwa lakiri, huhifadhiwa mwaka mmoja kisha huharibiwa, na haifunguliwi bila amri ya mahakama. Ukikuta mtu amekwisha kupiga kura kwa jina lako usirudi nyumbani ukilalamika. Mwambie ofisa msimamizi wa kituo palepale. Ukijibu maswali yake utapewa karatasi ya rangi ya waridi, na hiyo ndiyo kumbukumbu itakayotumika mahakamani.

Anayetaka kuonyesha kwamba hamtaki yeyote anaweza kuharibu kura yake. Mbele ya wagombea na mawakala wao tunazipitia karatasi zenye utata moja moja, na idadi ya zilizokataliwa hutangazwa. Wanasiasa husimama pale wakisoma yaliyoandikwa juu yake. Aliyebaki nyumbani hasomwi na mtu. Kwenye hesabu hatofautishwi na aliyesahau.

Fedha za vyama ndizo kazi ya Tume ya Uchaguzi. Mwaka 2017 iliitoza Conservative pauni 70,000 kwa kasoro za hesabu, zikiwamo za uchaguzi wa 2015. Wanaosema faini hizo ni ndogo nawaunga mkono: kikomo ni pauni 20,000 kwa kosa, wakati chama kinachogombea Uingereza yote kinaruhusiwa kutumia zaidi ya pauni milioni 30. Julai 2025 serikali ilisema inakusudia kupandisha kikomo hadi pauni 500,000.

Pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Rwanda inakubaliwa kituoni, hata iliyokwisha muda, mradi picha bado inafanana nawe. Picha ya pasipoti kwenye simu haikubaliwi, hata ukibishana na karani. Ndugu zetu wa Congo na Burundi hawamo katika Jumuiya ya Madola, hivyo kura ya ubunge wataipiga wakishapata uraia wa Uingereza.

Ukishuhudia kosa, peleka taarifa polisi. Kila jeshi la polisi lina ofisa wa masuala ya uchaguzi, na mashtaka kwa kawaida hufunguliwa ndani ya mwaka mmoja tangu kosa litendeke. Andika tarehe, mahali na ulichokiona kwa macho yako, si ulichosikia kwenye kundi la WhatsApp. Kipeperushi au bahasha ihifadhi kama ilivyo, bila kuandika chochote juu yake.