Si kweli kwamba zamani watu waliishi miaka mingi kuliko sasa

Ujumbe ule umerudi tena kwenye magrupu ya Mwanza: babu zetu walikula dagaa na ugali wa muhogo wakafika miaka 90, ila leo dunia inarudi nyuma na tunakufa vijana.

Takwimu zinasema kinyume. Mwaka 1900 wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa takriban miaka 32. Leo umepita 70. Karne mbili zilizopita, katika kila watoto 10, wapatao 4 hawakufikisha miaka mitano. Siku hizi ni takriban 4 katika kila 100. Chanjo, maji safi, chakula cha kutosha na kipato kilichokua ndivyo vilivyobadilisha hesabu.

Tunachanganyikiwa kwa sababu babu wa miaka 90 tulimwona kwa macho. Wadogo zake waliochukuliwa na surua utotoni hatukuwaona, wala hawana picha ukutani. Ukitaka kuhakikisha, muulize bibi, taratibu maana ni swali zito: alizaa wangapi, wakabaki wangapi? Mimi nilimuuliza wangu tukianua dagaa, Ukerewe. Akahesabu kwa vidole: tisa, wakabaki watano. Kisha linganisha ripoti za sensa, ya 1967 na ya 2022.

Ugumu wa maisha upo, na anayelalamikia bei ya sato pale Kirumba hadanganyi. Hilo ni jambo jingine. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwulize aliyeutuma takwimu kazitoa wapi.