Bunduki ya maji ya mabomba: yanayosemwa na yaliyo kweli

Shule zikifungwa, vijana wa mtaani kwetu huja kuniomba vipande vya bomba vilivyobaki kazini. Wanataka kuunda bunduki ya maji: bomba nene la kubebea maji, koki ya mpini, vali ya tairi na pampu ya baiskeli. Nawapa vipande, lakini kwanza tunakaa kitako tuzungumze, maana mengi wanayoyaamini kuhusu kifaa hiki si kweli, na mojawapo linaweza kumpofusha mtu.

Naanza na hilo. "Bomba limeandikwa PN 10, basi linahimili upepo wa bar 10." Hapana. Bar ni kipimo cha presha, na alama ile inahusu presha ya maji, tena kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Maji karibu hayabanwi kabisa. Bomba lililojaa maji matupu likipasuka, presha inashuka papo hapo, unalowa, yameisha. Ndiyo maana sisi mafundi tukipima mabomba ya nyumba mpya tunayajaza maji na kuutoa upepo wote kwanza. Upepo ukiubana unakuwa kama springi iliyokazwa. Chombo kikishindwa, nguvu yote uliyoipampu kwa dakika nzima inafumuka mara moja, na PVC, ile plastiki ngumu ya mabomba haya, haichaniki, inavunjika vipande vyenye ncha kama vigae, vinavyoruka kila upande. Mwaka 1988 idara ya Marekani ya usalama kazini, OSHA, ilitoa onyo dhidi ya kupitisha upepo uliobanwa kwenye mabomba ya PVC yaliyo juu ya ardhi bila kufunikwa. Ongeza na jua. PVC ikifika nyuzi 60 inabaki na chini ya robo ya uwezo wake, na ile iliyoanikwa juani miaka mingi inakatika kwa kugongwa tu. Lile bomba la maji machafu lenye ukuta mwembamba lisiguswe kabisa kwa kazi hii, halikutengenezewa presha.

Hapo kijana aliyesoma kidogo hunijibu: "Mbona aliyebuni Super Soaker, ile bunduki ya maji ya dukani, alitumia PVC?" Ni kweli, na mtu huyo anastahili kujulikana. Lonnie Johnson, mhandisi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Alabama mwaka 1949, alikuwa mwaka 1982 anajaribu nyumbani kwake mtambo wa kupooza unaotumia maji badala ya gesi ya friji. Akafunga nozeli, yaani mdomo mwembamba wa kurushia maji, kwenye sinki la bafuni, maji yakatoka kwa kasi hadi upande wa pili wa chumba. Mfano wake wa kwanza ulikuwa na vipande vya PVC, naam. Lakini ule ulikuwa mfano wa mhandisi anayejua anachokipima. Bidhaa iliyoingia dukani mwaka 1990 haikuwa bomba la fundi. Na alipoendelea kuuboresha mfano wake alitumia chupa ya soda ya lita 2. Hilo ndilo la kuiga: chupa ya soda imetengenezwa kushikilia gesi, na ni laini. Chupa ya maji ya kunywa ni nyembamba, si sawa nayo.

"Jaza maji mpaka juu, yatapiga muda mrefu." Hesabu inakataa. Kwa mfano wa hesabu tu, chukua chombo cha lita 3, upampu hadi bar 3 kwenye geji. Ukiweka maji lita 2, ile lita 1 ya upepo inaweza kuyasukuma yote nje na bado ina nguvu kidogo. Ukiweka maji lita 2.7, upepo uliobaki ni lita 0.3 tu, utachoka baada ya kutoa lita 0.9. Maji mengine lita 1.8 utayabeba bure kama mzigo. Anayesukuma ni upepo, kwa hiyo uachie nafasi.

"Tundu likiwa dogo, maji yanafika mbali." Wengi hudhani hivyo kwa sababu wameziba mpira wa bustani kwa kidole. Mkondo mwembamba mno hukatikakatika hewani ukawa manyunyu. Toboa milimita 3 au 4, lainisha ukingo wa ndani kwa msasa, halafu acha kipande cha bomba kilichonyooka nyuma ya tundu ili maji yatulie kabla ya kutoka. Kazi hiyo ndogo ina faida kuliko kuongeza presha. Kwenye bar 2 maji hutoka kwa mita 20 hivi kwa sekunde. Ukipandisha hadi bar 4 unapata 28, siyo 40. Sisi tunaishia bar 2, na hata hapo usoni hapalengwi.

Gundi nayo: ikishika kwa dakika tano haijakomaa. Nasubiri siku nzima.

Wadogo siwapi chombo cha upepo. Nawaundia bomba la kuvuta na kusukuma: bomba la inchi moja na nusu lenye kifuniko kilichotobolewa, na ndani yake bomba jembamba lililozibwa, lenye mipira miwili ya oringi iliyopakwa mafuta ya kupikia. Wanalichovya kwenye ndoo, wanavuta, wanasukuma. Wakiachia mikono, presha inaisha.