Hakuna pori lisilo na mwenyewe: dhana zinazowaponza watu kwenye ardhi na maliasili

"Lile ni pori tu, halina mwenyewe."

Anayeitamka kauli hii mbele ya meza ya afisa ardhi mara nyingi ameshalipa. Trekta limeingia, visiki vimeng'olewa, mkononi ana karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa kijiji, na sasa amezuiwa na wafugaji au askari wa misitu. Anaomba asaidiwe kupata hati. Nimewasikiliza wastaafu waliozamisha kiinua mgongo chote humo, na vijana waliochangishana mtaji walime ufuta. Wao nawaonea huruma. Kinachonikera ni kauli yenyewe, kwa sababu inawafilisi watu na bado inarudiwa hadharani na viongozi waliopaswa kujua.

Tanzania Bara haina kipande cha ardhi kisicho na mwenye mamlaka. Sheria ya Ardhi (Na. 4) na Sheria ya Ardhi ya Vijiji (Na. 5), zote za mwaka 1999 na zilizoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001, zinasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Wengi husoma mpaka hapo, wakasema: ardhi ni ya umma, na mimi ni umma. Wangeendelea kidogo tu wangekuta makundi matatu. Ardhi ya jumla iko chini ya Kamishna wa Ardhi. Ardhi ya hifadhi iko chini ya taasisi iliyokabidhiwa: Wakala wa Huduma za Misitu (TFS) kwa misitu ya serikali kuu, Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA) kwa hifadhi za taifa, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA) kwa mapori ya akiba na mapori tengefu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na Halmashauri ya Kijiji, ambayo nayo ni mdhamini kwa wanakijiji na haina mamlaka ya kuigeuza bidhaa.

Mapori mengi yanayonadiwa na madalali ni ya kundi hilo la tatu. Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinaigawa ardhi ya kijiji mafungu matatu: inayotumiwa na wote kwa pamoja, iliyokwisha kushikwa na watu binafsi au familia, na iliyowekwa ili igawiwe baadaye. Kwa hiyo ukiona eneo halijalimwa, hujajua bado liko fungu gani. Huenda ni malisho, huenda ni chanzo cha maji, huenda ni ardhi ya watoto ambao sasa wako darasa la tatu.

Chukua ngitili za Wasukuma. Mfugaji hufunga sehemu ya malisho wakati wa masika, majani yanakua bila kuguswa, na mifugo huingizwa kiangazi kikikaza. Mgeni akipita Machi ataona nyasi zimefika kiunoni, hakuna ng'ombe wala jembe, naye ataapa kuwa eneo limetelekezwa. Ngitili ndiyo njia iliyotumika kuirudishia Shinyanga miti yake chini ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) ulioanza mwaka 1986. Wamaasai wana alalili, malisho yanayotunzwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu, nayo humwonekea mpita njia kama nyika isiyo na kazi. Na wapo Wahadzabe wa Yaeda Chini wilayani Mbulu, ambao hawalimi wala hawafugi. Maisha yao ni kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Kwa kipimo cha "haijalimwa, basi haina mwenyewe" wangekuwa watu wasio na ardhi kabisa. Lakini mwaka 2011 walipata hati ya haki miliki ya kimila ya pamoja kwa eneo la zaidi ya hekta 20,000. Matumizi ya ardhi hayaishii kwenye matuta.

Sehemu ya lawama iko kwenye sheria zenyewe, na sitaificha. Tafsiri ya ardhi ya jumla katika Sheria Na. 4 imeongeza maneno kwamba inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria Na. 5 haina maneno hayo. Wanasheria wamebishana sana juu ya tofauti hiyo, na madalali wameigeuza mtaji. Lakini hata anayeshikilia maneno hayo atakwama njiani, kwa sababu kuihamisha ardhi ya kijiji kwenda kundi jingine kuna utaratibu wake: kusudio la Rais hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali, wanakijiji hupelekewa taarifa na kusikilizwa kwenye mkutano mkuu, na uhamisho haukamiliki mpaka yakubaliwe masuala ya fidia, kiasi chake na lini italipwa. Eneo likizidi hekta 250, uamuzi hupanda mpaka kwa Waziri baada ya mkutano huo kutoa mapendekezo. Katika hatua zote hizo hakuna panapomtaja mwenyekiti akiwa peke yake na muhuri wake.

Muhuri huo ndio msiba mkubwa. Halmashauri ya Kijiji hairuhusiwi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji kutangulia. Sheria imeandika hivyo waziwazi, kifungu cha 8. Mwenyekiti na mtendaji wakikaa chini ya mwembe wakakuandikia barua, na wajumbe wawili wakasaini kama mashahidi, umenunua karatasi. Siku uongozi ukibadilika, au vijana wa kijiji wakikosa pa kulima, mkutano utakukana, na utakuwa na haki ya kukukana.

Basi kabla ya kutoa hata shilingi, dai muhtasari wa Mkutano Mkuu. Usikubali ule wa kikao cha halmashauri. Usome uone tarehe, orodha ya mahudhurio yenye saini, jina lako, ukubwa na mahali pa eneo. Dai kuona cheti cha ardhi ya kijiji na ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, halafu uende na mtu anayejua kusoma ramani mpaka porini. Vuka upande wa pili uwaulize viongozi wa kijiji jirani, kwa maana mapori mengi yako mipakani na vijiji viwili hugawa eneo lilelile kwa watu wawili. Na nenda mara mbili, masika na kiangazi. Ushauri huu wa misimu miwili nautoa kwa kila mtu na wengi huona nawachelewesha. Waulize watoto wanaochunga wanapeleka mifugo wapi mwezi wa tisa. Watakuonyesha kwa kidole.

Kuna kauli nyingine iliyo ndugu na ile ya pori lisilo na mwenyewe: "Nimekaa humu zaidi ya miaka 12, ardhi imekuwa yangu." Ukomo wa miaka 12 unahusu mtu kumshtaki mwenzake arudishiwe ardhi. Haufuti hifadhi. Msitu wa hifadhi au pori la akiba lililoanzishwa kwa Tangazo la Serikali hubaki hivyo mpaka litolewe tangazo jingine la kulifuta au kubadili mipaka. Madai ya walioishi hapo kabla ya tangazo ni jambo zito, yana haki ya kusikilizwa na kufanyiwa uchunguzi, na mimi siku zote nimeyapa uzito. Aliyeingia baadaye akijua yuko wapi hana dai hilo. Agizo la Rais Magufuli la Januari 2019 la kusimamisha kuondolewa kwa vijiji vilivyokuwa ndani ya hifadhi lilihusu vijiji vilivyokuwepo tayari. Kuna watu walilisikia kama kengele ya kuanza kufyeka, na kazi ya kuwaeleza wamekosea imetuangukia sisi wa wilayani.

Bikoni, yaani alama za mpaka zinazosimikwa ardhini, nazo zina dhana yake, kwamba ikishang'olewa mpaka umekwisha. Mpaka umeandikwa kwenye tangazo na kuchorwa kwenye ramani. Mpimaji atarudi na vifaa vyake na kuirudisha bikoni palepale. Kitakachokuwa kimebadilika ni kwamba sasa kuna kosa la jinai.

Sasa mengine, ambayo hayahitaji maneno mengi.

Hati ya kimila "si hati kamili". Hii husemwa sana na watu wenye hati za mjini. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kinasema haki miliki ya kimila ni sawa kwa hadhi na nguvu na haki miliki ya kupewa, yaani ile ya hati za mjini. Tena ya kimila inaweza kuwa ya muda usio na kikomo, wakati ile ya mjini ina miaka yake, 33, 66 au 99, pamoja na masharti ya uendelezaji na kodi ya pango la ardhi. Benki ikiikataa, hiyo ni sera ya benki. Usiitupe hati yako kwa sababu ya ofisa mikopo.

"Mila yetu hairuhusu mwanamke kumiliki ardhi." Mila ya namna hiyo ni batili mbele ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20. Kamati ya kijiji inayojaza fomu za hati na kumwacha mjane nje inavunja sheria, na fomu hiyo irudishwe.

"Kilicho chini ya shamba langu ni changu." Madini ni mali ya taifa, na leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa anayeiomba kwa mujibu wa Sheria ya Madini ya 2010, awe mwenye shamba au mtu mwingine. Wewe una haki ya kuombwa ridhaa na kulipwa fidia ya mazao na maendelezo yako. Ukihisi kuna dhahabu kwako, omba leseni wewe kwanza.

Maji vivyo hivyo. Mto kupita shambani hakukupi haki ya kuukinga ukamwagilie ekari hamsini. Hilo linataka kibali cha bodi ya maji ya bonde. Na zile mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, zilizowekwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, haziondoki kwa sababu una hati wala kwa sababu jirani yako naye amejenga.

Kuhusu miti, watu hukosea pande zote mbili. Wapo wanaodhani mti wowote ulio shambani mwao ni wa kukata watakavyo. Mitiki au mikaratusi uliyoipanda ni mali yako, lakini mninga, mvule au mpingo ulioota wenyewe ni miti ya kuombewa kibali kwa afisa misitu, na mbao zikipanda gari lazima ziwe na hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Wapo pia wanaodhani kila msitu ni wa serikali kuu na kijiji hakiambulii kitu. Hao nawaelekeza Duru-Haitemba wilayani Babati, ambako vijiji vilikataa msitu wao ufanywe hifadhi ya serikali, na katika miaka ya 1990 vikaanza kuulinda vyenyewe. Nawaelekeza pia Kikole na Kisangi wilayani Kilwa, vilivyopata mwaka 2009 cheti cha usimamizi wa misitu cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayotunzwa vizuri, na kuuza mpingo kwa masharti yao. Sheria ya Misitu ya 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi, kuweka sheria ndogo na kukusanya mrabaha. Nashangaa ni vijiji vingapi vinakaa juu ya utajiri huo vikisubiri gari la mkaa lipite ndipo vilalamike. Mtendaji anayesoma hapa aandike barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri yake kesho asubuhi.

La mwisho ni kifuta jasho, na hapa wananchi wana uchungu wa haki. Tembo akila mahindi, watu hutegemea fidia ya thamani ya mazao yote, na wanapopokea kidogo huona afisa amekula. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009 haikuliita jambo hili fidia. Ni pole: kifuta jasho kwa mazao, kifuta machozi kwa aliyejeruhiwa au kuuawa. Kanuni za 2011 ziliweka kikomo cha ekari tano, zikapandisha kiwango kadiri shamba lilivyo mbali na mpaka wa hifadhi, na aliyelima ndani ya mita 500 za mpaka hakupewa kitu. Binafsi naona ni kidogo mno kwa mtu aliyepoteza chakula cha mwaka, na nimelisema hilo vikaoni. Lakini hata hicho kidogo wengi hukikosa kwa sababu wanaripoti baada ya kuvuna masalia au baada ya mvua kufuta nyayo. Toa taarifa asubuhi ileile kwa mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori wa wilaya, usiguse shamba, na simama hapo wakati wa tathmini ili ekari zako zihesabiwe mbele ya macho yako.