Placencia, Belize: Kijiji Kimetulia, Bahari Yake Ina Masharti

Placencia iko ncha ya kusini ya rasi nyembamba nchini Belize, Amerika ya Kati. Njia yake maarufu ni kijia cha zege kinachopita katikati ya nyumba. Ukikutana na baiskeli, mmoja wenu atakanyaga mchanga. Kandambili zinatosha, haraka haina nafasi. Utulivu huo ndio unaowafanya wageni wadhani hata baharini kila mtu anajifanyia atakavyo.

Dhana: Unatoka ufukweni, unazama, umefika kwenye matumbawe.
Hapana. Mwamba wa matumbawe wa Belize, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996, hapa uko mbali na pwani. Gladden Spit, eneo linalotafutwa sana na wazamiaji, liko kilomita 36 hivi kutoka kijijini. Bahari ikichafuka, boti haitoki, hata kama umeshalipa.

Dhana: Potwe, papa wakubwa kuliko samaki wote, wapo wakati wowote.
Aliyewaona kisiwani Mafia, Tanzania, asidhani atakuta mambo yale yale. Gladden Spit huwavuta potwe hasa Machi hadi Juni, siku za karibu na mwezi mpevu, na sababu ni chakula. Samaki wakubwa wa ukoo wa chazanda hukusanyika huko kwa maelfu, na jua likielekea kuzama hupanda juu kwa kundi wakitaga. Maji hubadilika yakawa kama maji ya mchele. Potwe hupita humo mdomo wazi, akichuja mayai. Mzamiaji naye ananing'inia katikati ya maji, chini yake haoni ila buluu. Hapafai kwa anayejifunza. Na hata mwezi ukiwa mpevu, hakuna wa kukuhakikishia kwamba utamwona. Anayekuhakikishia anauza tiketi.

Dhana: Samaki niliyemvua ni wangu.
Hapa ndipo wengi hushangaa. Tangu 2009, sheria ya Belize inataka samaki wanaoitwa bonfishi, taponi na pemiti warudishwe majini wakiwa hai. Mvuvi wa burudani anahitaji leseni. Kambakochi hawavuliwi kuanzia Machi 1 hadi Juni 30, na msimu ukifunguliwa kijiji huwafanyia tamasha. Kwa hiyo, ukiletewa kambakochi mbichi mwezi Mei, uliza maswali.

Pemiti ndiye anayewatoa watu jasho. Mwongozaji huzima injini, akasukuma boti kwa upondo kwenye maji ya magotini, akitafuta ncha nyeusi ya mkia inayochomoza. Kivuli cha mshipi tu kinatosha kumkimbiza. Siku nzima inaweza kupita bila kitu, na mwongozaji bado anastahili malipo yake yote.

Dhana: Watu wote huko ni Wakrioli, yaani wenye asili ya Afrika na Ulaya.
Kijiji jirani, Seine Bight, ni cha Wagarifuna, watu wenye asili ya Waafrika na wenyeji wa Karibi, wenye lugha yao na ngoma zao.

Dhana: Ndege ya kurudi ni ndogo, naweza kuzamia asubuhi nikaondoka mchana.
Udogo wa ndege haupunguzi hatari. Naitrojeni iliyoingia mwilini chini ya maji inahitaji muda kutoka, na ukipaa mapema inaweza kutengeneza viputo kwenye damu na viungo. Baada ya kuzamia mara kadhaa, ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau saa 18. Anza na mtungi wa kuzamia, ndoana iwe ya siku ya mwisho.